Hodi Isiyo na Mdomo

Kitendawili changu hiki hapa, nakutegea wewe mwenyewe unayesoma, na usimwangalie mwenzako: ukizima taa wanafufuka, ukiwasha wanakufa.

Usiniambie nyota. Nyota ndiyo kila mtu huanza nayo. Popo? Popo umemwona wapi akifa kwa taa? Haya, nipe mji. Umenipa? Basi nimekwenda, nimekula, nimekunywa, watu wa huko wamekusalimu sana. Jibu ni watu wa sinema. Chumba kikiwa giza wanatembea ukutani, wanalia, wanapendana, wanakimbizana. Taa ikiwashwa, pale walipokuwa pamebaki kitambaa cheupe.

Watu hao nilikuwa nakaa nao kila Jumanne na kila Alhamisi, kuanzia saa nne asubuhi, ghorofa ya pili, kwenye ofisi ya ukaguzi wa filamu. Kazi yetu ilikuwa kuamua picha ipi atazame nani. Kuna ya watu wote, kuna ya kuanzia miaka kumi mtoto akiwa na mzazi, kuna ya kumi na sita, na kuna ile ya kumi na nane ambayo hata mimi nilikuwa naitazama kupitia vidole. Wapiga kura tulikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Mpaka leo akikohoa unatamani kusimama na kusema shikamoo. Wa pili alikuwa Wakili, kijana msafi mwenye haraka, saa yake anaitazama kuliko picha. Wa tatu mimi, na darasa la saba langu. Halafu kulikuwa na Katibu, binti wa watu, mpole, ndiye aliyewasha mashine na kuandika tuliyosema, ila kura hakuwa nayo.

Utauliza bibi kama mimi nilifikaje huko. Sheria yao inataka mjumbe mmoja awe mwakilishi wa walezi: mtu wa kawaida, asiye na cheo, anayeishi na mtoto nyumbani kwake. Shule ya mjukuu wangu ikanipendekeza, kwa kuwa mikutano ya wazazi sikuwahi kukosa hata mmoja, na kwenye mikutano hiyo mdomo wangu haukuwahi kukaa kimya.

Wakati huo nilikuwa naye, mke mwenzangu. Ndivyo nilivyomwita kwa utani mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, na mume wetu alikuwa wa kubuni tu. Nililala naye chumba kimoja tangu ana miaka mitatu hadi ana miaka kumi na mmoja. Kisha binti yangu akapata kazi ya kudumu, mbali, safari ya siku mbili, akapata na nyumba, akaja kumchukua mwanawe. Haki yake. Mtoto ni wa mama, bibi ni wa kushikilia tu. Nilimfungia nguo zake, nikamsuka, nikawasindikiza hadi stendi, nikapunga mkono mpaka kwapa likauma.

Hiyo ilikuwa miezi minane kabla ya haya ninayokusimulia.

Wali wa mtu mmoja ndani ya sufuria ya watu watano hauivi, mjukuu unayesoma, unakauka tu. Sufuria ndogo sikuwa nayo, sikuwahi kuwa na haja nayo. Kila Jumapili mtoto alinipigia simu. Mwanzo tulitegeana vitendawili mpaka simu ikawa moto sikioni, tukinyang'anyana miji kama wafalme. Baadaye ikawa hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mke mwenzangu. Huyo mume hajambo huko?"

"Hajambo, kanenepa."

"Amenisahau! Haya, kitendawili."

"Bibi, wenzangu wananingoja chini. Chukua mji wowote."

Ananipa mji kabla sijatega. Nami nachukua, nafanyaje. Nina miji mingi sana sasa, yote haina watu.

Kwa hiyo Jumanne na Alhamisi zilikuwa sikukuu zangu. Nikipanda zile ngazi nakuta Katibu ameniwekea mto kwenye kiti, chai ina sukari mbili bila kuuliza. Siku moja nilichelewa kidogo, nikamkuta amesimama mlangoni. "Bibi, dakika kumi! Nilishaanza kuogopa." Kumi tu. Nilicheka, lakini nilikwenda chooni nikafuta macho. Mtu wa kugundua kwamba umechelewa ni mali, na ukiwa naye nyumbani hujui kwamba ni mali.

Basi. Mwaka ulipoanza, kila mjumbe akapewa fomu mpya ajaze. Jina, anuani, afya. Namba sita ikasema: Je, unaishi na mtoto wa chini ya miaka kumi na minane? Na vijisanduku viwili, ndiyo na hapana.

Nikairuka.

Jumanne moja Katibu akanifuata na karatasi mkononi. "Bibi, namba sita hukujaza."

"Macho haya, mwanangu."

"Si neno, nitakujazia mimi. Unaishi na mtoto nyumbani, si ndiyo?"

Nikapekua pochi kutafuta miwani ambayo ilikuwa usoni kwangu. Katibu akaiona, nami nikaona kwamba ameiona, tukacheka wote wawili. Mwenyekiti akakohoa ndani, maana yake picha inaanza, tukaingia. Fomu akaibeba vile vile, na swali likabaki pale lilipokuwa.

Nilijua nikijibu itakuwaje. Kiti changu ni cha mtu mwenye mtoto. Nikisema hapana, watanishukuru, watanipa cheti chenye fremu, na nitateremka zile ngazi mara ya mwisho.

Picha ya siku hiyo wao waliiita ya taharuki. Mimi naziita picha za roho juu. Ilitoka ng'ambo, wenyewe wameitia sauti za Kiswahili, na mwenye kuisambaza, mama mmoja mchangamfu wa bangili nyingi, alikuwa anataka aionyeshe likizo ya shule. Aliomba daraja la miaka kumi na mzazi.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Kuna kitoto cha kike, kina kama miaka tisa, kimemwona mwanamume akifukia kitu kwenye jengo linalojengwa. Yule mwanamume naye amekiona. Mama wa mtoto anashinda kazini, kwa hiyo kila mchana bibi yake, mwenye kukaa mtaa wa pili, huja kumtazama. Tunamwona bibi mara mbili. Anafika, anagonga mara tatu, anasema "Hodi, hodi wangu," na mtoto kutoka jikoni anaitika "Karibuuu!" huku anakimbia. Mara ya tatu mlango unagongwa vile vile. "Hodi, hodi wangu." Mtoto anaitika. Lakini sisi tuliokaa kitini tunaonyeshwa nje, na aliyesimama nje ni yule mwanamume.

Baada ya hapo hapigwi mtu. Mlango unafunguka polepole, kikombe kinatetemeka mezani, mtoto anajificha, mama anawahi na polisi, wanakumbatiana, kwisha. Hata tone la damu hakuna.

Taa zilipowashwa Wakili akajinyoosha. "Safi kabisa. Alhamisi tunahesabu, tunapiga kura, nawahi mahakamani."

Desturi yetu ilikuwa hiyo. Jumanne tunatazama tu. Alhamisi tunatazama tena na karatasi ya mistari: kila pigo mstari, kila tusi mstari, kila silaha mstari, damu, ulevi, mambo ya chumbani. Mistari ikizidi idadi fulani, daraja linapanda.

Jumatano nilikuwa nyumbani. Saa tisa mchana, jua limejaa chumba, hata kivuli cha kuogopea hakuna. Nilikuwa nashona kifungo. Mlango ukagongwa mara tatu.

"Hodi!"

Mjukuu wangu, wewe unayesoma, nikuambie ukweli. Kwa miezi minane nilikuwa naingoja sauti hiyo. Hodi ya jirani wa ukuta wa pili ikisikika, mimi huitikia "karibu" kwa mdomo kabla akili haijaniambia si kwako. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilikuwa mgonjwa wa kutobishiwa hodi.

Nikafungua mdomo, "karibu" ikakwama.

"Hodi humu ndani!"

Nikatazama komeo. Nikatazama kikombe changu mezani. Hakikutetemeka kikombe, mimi ndiye niliyetetemeka, sindano nimeishika kama upanga. Sauti ilikuwa ya mwanamke, tena ninayeijua, na kwa sababu ninaijua ndiyo nikazidi kuogopa. Maana yule mtoto wa kwenye picha naye aliijua.

"Hodi, wenyewe mpo?"

Nikanyamaza. Hodi ya tatu ikishapita bila jibu, mtu mwenye adabu zake huondoka. Nikasikia kandambili zikishuka, moja kwa nguvu, moja ikiburuta. Hapo ndipo nikatambua hiyo kandambili inayoburuta. Nilipofika dirishani alikuwa ameshafika chini: fundi cherehani wa ghorofa ya chini, mwenye goti bovu, ana mfuko mkononi na ndani yake gauni langu alilolipunguza kiuno. Alikuwa amepanda ghorofa tatu na goti lile, akague kama limenikaa. Nikamwita. Pikipiki zilikuwa zinapita, hakunisikia, akakata kona.

Nikakaa kitandani na kifungo changu kilichoshonwa nusu. Aibu niliyoiona siku ile sijui niifananishe na nini.

Alhamisi tukaitazama tena. Wakili karatasi yake nyeupe kama shuka la hospitali. Ilipofika mara ya tatu ya hodi nikasema, "Katibu mwanangu, rudisha nyuma kidogo."

Akarudisha. "Hodi, hodi wangu."

"Tena."

Wakili akageuka. "Bibi yetu, tunakagua nini hapo, meno?"

"Midomo. Mtazame huyo mwanamume. Kafumba mdomo. Hodi inatoka wapi?"

Tukatazama wote wanne. Kweli, mtu yule amefumba mdomo kabisa, taya limekaza, na hodi inasikika, tena kwa sauti ya bibi wa mtoto.

Mwenyekiti akaagiza mwenye picha aitwe kutoka kwenye benchi la nje. Akaingia na bangili zake, akasikiliza, akacheka. "Ah, hapo! Kwenye picha ya kwao hakuna neno, wanagonga tu. Bibi anagonga mara tatu na yeye anagonga mara tatu. Sasa vijana wetu wa kutia sauti wakasema, mtu mzima atagongaje mlango wa watu kimya kimya kama mkaguzi wa umeme? Wakaweka hodi. Ni adabu tu, mwalimu."

"Wakamtia adabu mhalifu," nikasema.

"Ndiyo mama, hata mhalifu ana kwao."

Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani. "Na sauti je? Mbona ni ya bibi?"

"Neno lenyewe moja. Tulikuwa tunayo ile aliyosema bibi, tukairudia. Nani atagundua?"

"Huyu hapa kagundua," Mwenyekiti akasema. "Mnaweza kuliondoa?"

Mama wa bangili akaacha kucheka. Nakala zilikuwa zimeshatengenezwa na kusambazwa, likizo ilikuwa wiki ijayo. Akaomba iamuliwe kama ilivyo. Tukamshukuru, akarudi nje kwenye benchi lake.

Wakili akaweka karatasi yake mezani. "Mapigo hakuna, matusi hakuna, damu hakuna. Daraja la kumi na mzazi, na kwa kweli hata watu wote ningekubali. Bibi?"

"Kumi na sita."

"Kumi na sita! Kwa kosa gani?"

"Kwa hodi."

"Penye wazee haliharibiki neno, nakubali, lakini neno lenyewe ni hodi! Nitaandika wapi? Hapa pana safu ya matusi na safu ya silaha. Hodi ni silaha?"

"Humo ndani ndiyo silaha pekee aliyonayo yule mtu."

Wakili akajikuna shavu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu. "Haya, tuseme inatisha. Si ndilo somo zuri lenyewe? Mtoto akiwa peke yake asifungulie mtu ovyo. Mimi ningemtazamisha mwanangu makusudi."

"Mtoto kuambiwa asifungue ni kazi ya mamaye," nikasema. "Amwambie kwa mdomo, mchana, huku anamfunga viatu. Atamwambia na wa kufunguliwa ni nani: shangazi, babu, jirani fulani. Picha hii haimwambii wa kufunguliwa. Inachukua sauti ya bibi yake mwenyewe, inamvisha mhalifu. Hofu haina akili ya kuchagua, baba. Inamfungia mwizi na inamfungia bibi, kwa komeo lile lile."

Mashine ya Katibu ilikuwa inapoa, inalia tik, tik.

Kura moja huku, moja kule. Ikabaki ya Mwenyekiti. Akaweka viganja viwili mezani kama anayetaka kuita majina ya darasa.

"Mama, nakuelewa. Lakini nikiandika kumi na sita, huyu wa nje atakata rufaa, na huko juu wataniuliza: mistari iko wapi? Siwezi kuwajibu kwa methali. Nipe kitu kilichotokea. Umemwona mtu aliyedhurika na hodi hii?"

Nikasema, kabla sijapima, "Jana. Nyumbani kwangu. Mlango uligongwa saa tisa mchana, jirani yetu mwema, hodi mara tatu. Ndani hakuna aliyeitika, kwa hofu. Akaondoka na goti lake bovu."

Uso wa Mwenyekiti ukalegea. "Masikini. Mjukuu wako?"

Nikaanza kupekua pochi yangu.

"Ulimsimulia tu picha, hata hajaiona, na akaogopa kiasi hicho?" Mwenyekiti akamgeukia Wakili. "Unasikia?"

"Nasikia." Wakili alikuwa ameshaishika kalamu yake kwa namna nyingine. "Kama mtoto kasimuliwa tu na ameshindwa kumwitikia jirani anayemjua, mimi sibishani. Nabadilisha. Iandikwe, tuwe watatu kwa sauti moja, na rufaa yao nitaijibu mimi mwenyewe."

"Katibu," Mwenyekiti akasema, "andika. Mjukuu wa mjumbe, msichana wa miaka... mama, ana mingapi sasa?"

Tazama jinsi mambo yalivyokaa. Nilikuwa sina haja hata ya kusema uongo. Ilitosha kutaja umri. Kumi na mmoja, au kumi na miwili, maana amefikisha mwezi uliopita. Neno moja, na picha inapanda daraja, na watoto wa watu wanabaki na hodi zao. Na Jumanne ijayo mto wangu uko kitini na chai ina sukari mbili.

Nikamtazama Katibu. Kalamu yake ilikuwa imesimama juu ya karatasi, na chini ya karatasi ile, imechomoza kidogo, niliiona fomu yangu, kwa sababu siku zote ananitunzia vitu vyangu karibu. Nikamfikiria mke mwenzangu huko aliko, anaandikwa kwenye jalada la serikali kwamba alijibanza nyuma ya mlango ambao hajaugusa miezi minane. Yeye ambaye hajawahi kuogopa kitu, hata mende. Hofu ile haikuwa yake. Nilikuwa nampa mtoto mzigo wangu aubebe ili mimi nikae kitini.

Na nikafikiria jambo la pili, hili lilinijia polepole. Mtoto akiogopa, wanaamini. Bibi mwenye miaka sitini na tisa akiogopa, saa tisa mchana, watasema ni uzee. Wakili anaweza kuirudisha kura yake. Sikuwa na hakika ya kitu chochote.

"Mama?" Mwenyekiti akaniita. "Miaka mingapi?"

Nikavua miwani, nikaiweka mezani mahali ambapo kila mtu anaiona.

"Katibu mwanangu," nikasema, "itoe ile fomu. Namba sita. Andika hapana. Mjukuu yuko kwa mama yake tangu mwaka jana, mimi naishi peke yangu, na aliyeogopa kuitikia hodi ni mimi."